Pumzi za Alhamisi

Nilipewa visanduku kumi na viwili vyeupe,
kila kimoja kama kipande cha sabuni,
nivitundike katika nyumba za halmashauri kule Halifax, mtaa wa juu,
vipime joto, unyevu na hewa ukaa
kila dakika tano, miezi mitatu ya baridi.
Havina macho, niliwaambia wapangaji.
Havina masikio. Vinanusa tu.

Bi Winifred Holroyd, ghorofa ya tatu, akacheka:
"Basi vitanusa kabichi."

Akajaza fomu yangu kwa penseli.
Unaishi na watu wangapi? "Peke yangu."
Unajisikiaje sasa hivi, kuanzia hasi tatu, baridi kali,
hadi chanya tatu, joto kali?
Akauma penseli. "Inategemea nani anauliza."

Juu ya dirisha palikuwa na tundu la hewa.
Ndani ya tundu, soksi ya sufu.
Sikuiandika. Niliiona tu,
kama mgeni aonavyo kitanda kisichotandikwa.

Mimi nimekulia Morogoro, jiko la matofali ya matundu,
upepo wa Uluguru ukiingia bila hodi
na kutoka na harufu ya kitunguu hadi kwa jirani.
Hatukuuita utafiti. Tuliuita ukuta.
Hapa upepo ni mwizi: huingia mikono mitupu,
hutoka na joto ulilolipia,
na mita ya gesi huhesabu ulichoibiwa.

Ndiyo sababu ya mashine tunayoijaribu.
Hewa chafu na hewa safi
hupishana katika vijia vyembamba kama karatasi,
hazigusani, hazisalimiani,
ila inayotoka huvua koti na kuivisha inayoingia.
Nikimweleza mtu hivyo, huelewa.
Nikiandika hivyo kwenye ripoti, Dakta Pritchard hufuta.

Januari data zikaja.
Nyumba ya Bi Holroyd ilikuwa mstari mtulivu,
mwanamke mmoja akilala, akiamka, akichemsha chai,
isipokuwa Alhamisi. Kila Alhamisi, saa moja usiku,
mstari ulipanda kama paka kwenye pazia:
elfu moja, elfu mbili, elfu mbili na mia tisa,
hadi saa nne, ndipo ukashuka pole pole.
"Kifaa kibovu," alisema Dakta. "Ziondoe Alhamisi."

Nyumba njema si mlango.
Alhamisi iliyofuata nikapanda ngazi, nikabisha.

Walikuwa saba, wamezunguka hita moja.
Bi Rukhsana Mirza wa chini na sufuria ya dengu.
Mzee Sugden na mbwa wake, naye akihema.
Dada wawili wanaosuka soksi bila kutazama mikono.
Kijana Callum, daftari la hesabu gotini, akipiga miayo.
Mwanamke wa ghorofa ya tano, ambaye jina lake sikulipata.
Kwao wote hita zimezimwa.
Kopo la sarafu lilizunguka, likatua mezani.
Jumatatu wanakuwa kwa Mirza, Jumatano kwa Sugden,
katika nyumba ambazo sikutundika kitu.

Hewa ilikuwa nzito, sitadanganya.
Madirisha yalitoka jasho, na pembeni mwa dari
kuvu ilikuwa imeanza kuchora ramani yake.
Nikainyoshea kidole soksi.
"Tukiitoa tunapata hewa, tunapoteza joto,"
alisema Bi Holroyd. "Wewe ndiye msomi. Chagua."

Sikuchagua. Nilipewa bakuli.

Kabla sijaondoka aliomba fomu,
akaweka alama kwenye sifuri: sawa, sitaki mabadiliko.
Kisha akafikiri, akaongeza kwa herufi ndogo,
"Ila kichwa kinaniuma."

Usiku ule mstari ulifika elfu tatu na mia mbili.
Nimeuacha ulivyo. Chini yake nimeandika:
Kifaa ni kizima. Watu wanane, mbwa mmoja.
Mia tatu za juu ni zangu.